Moto Peke Yake Hautoshi

Leo tuanzie Pemba, pale Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo. Msimu wa karafuu ukiingia, kazi ya jioni katika nyumba nyingi za kisiwa hicho huwa moja: watu hukaa barazani, rundo likiwa katikati, wakachambua. Karafuu huku, makonyo kule. Karafuu huanikwa, zikapelekwa kuuzwa. Makonyo, yaani vile vijiti vilivyobeba matumba, kwingine yangekuwa taka. Wawi ni mali. Hujazwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke wa maji ukapitishwa kwa chini, ukapanda katikati ya makonyo hadi juu, ukaingia kwenye bomba linalopozwa kwa maji baridi, na mwisho wa bomba yakatona maji pamoja na mafuta ya karafuu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapo pana kitendawili. Ukali wa karafuu, ule unaofanya ulimi ufe ganzi, unatokana zaidi na kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Eujenoli huchemka kwenye nyuzijoto 254. Maji huchemka kwenye 100. Mvuke wa maji yanayochemka hauwezi kukipasha kitu joto hadi 254, hata ukiupitisha usiku kucha. Basi mafuta yale yanatokaje mle ndani?

Wengi tukiulizwa namna ya kutenganisha vitu viwili vilivyochanganyika, jibu la kwanza ni moto. Chemsha. Kikikataa, ongeza kuni. Nami nadai kwamba katika kemia oganiki moto ni mtumishi wa tatu au wa nne, na mara nyingi ndiye mharibifu. Ufundi wenyewe ni kujua vitu hivyo viwili vinatofautiana kwa tabia gani, kisha kuiegemea tofauti hiyo, hata iwe ndogo namna gani.

Kemia oganiki, kwa ufupi, ni kemia ya kaboni. Kaboni ndiyo iliyo ndani ya mkaa na masizi, ndiyo iliyo ndani ya sukari, mafuta ya taa, mpira, kwinini na nyama ya mwili wako. Kila atomi yake hujifunga kwa viungo vinne, na hukubali kushikana na kaboni nyingine, na nyingine, ikafanya minyororo, matawi na pete. Kwa hiyo aina za molekuli zake zinahesabika kwa mamilioni. Zamani wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba vitu vya namna hiyo hutengenezwa na viumbe hai tu, kwa nguvu fulani ya uhai isiyopatikana maabara. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliupasha joto mmumunyo wa chumvi iliyohesabiwa kuwa si ya mnyama wala mmea, akapata urea, kitu kile kile kilichomo kwenye mkojo. Leo urea inauzwa kwa mifuko katika kila duka la pembejeo kutoka Mbeya hadi Eldoret, na mkulima anayeinunua hana habari kwamba iliwahi kuzusha mjadala wa uhai.

Lakini maumbile hayatupi molekuli moja moja. Hutupa mchanganyiko. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, pengine sehemu 70 hadi 90 katika kila 100, na yamo pia mambo mengine: asetati ya eujenoli, kariofilini, na kundi la vitu vidogo vidogo. Vyote ni vimiminika vinavyolingana rangi, vimelala pamoja. Ile kazi ya barazani, karafuu huku na makonyo kule, mkemia naye anatakiwa kuifanya, ila yeye anachambua vitu ambavyo jicho halivioni na vidole haviwezi kuvishika. Afanyeje?

Turudi kwenye pipa la Wawi. Kila kimiminika, hata kikiwa baridi, huachia mvuke kidogo. Ndiyo maana unainusa karafuu bila kuichemsha. Kadiri joto linavyopanda, mvuke huo huongezeka na kusukuma zaidi. Kuchemka ni pale msukumo wa mvuke unapolingana na uzito wa hewa inayotukandamiza sote. Maji yakiwa peke yake huufikia msukumo huo kwenye nyuzi 100. Eujenoli peke yake huufikia kwenye 254. Ila vimiminika viwili visivyochanganyika vikiwa pamoja, kila kimoja husukuma kama vile mwenzake hayupo, na misukumo yao hujumlishwa. Maji yanatoa karibu yote yanayotakiwa, eujenoli inaongeza kidogo tu, na hesabu inatimia kabla hata ya nyuzi 100. Vyote viwili vinapanda pamoja. Eujenoli imetoka kwenye kikonyo ikiwa na joto lisilofikia hata nusu ya lile la kuchemka kwake, haikuungua wala haikuharibika.

Mtu atasema: lakini mchango wake ni mdogo, si tutapata tone moja kwa ndoo ya maji? Hapa uzito unatusaidia. Molekuli moja ya eujenoli ina uzito wa zaidi ya mara 9 ya molekuli ya maji. Hata zikipanda chache, uzito unaopatikana si haba.

Kuna jambo jingine pale mwisho wa bomba ambalo mgeni hushangaa akilishuhudia. Mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji. Ya mkaratusi huelea. Mafuta ya kupikia, kila mtu anajua, huelea. Mafuta ya karafuu huzama. Ni mazito kuliko maji, na anayeyakinga lazima ayatoe kwa chini. Likumbukeni hilo, tutalihitaji baadaye.

Kwa nini makonyo, wala si karafuu zenyewe? Karafuu nzuri iliyokauka hutoa kilo 15 hadi 20 za mafuta kwa kila kilo 100. Makonyo hutoa kama 5 au 6. Lakini karafuu nzima ina soko lake duniani, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayeitia kwenye pipa wakati makonyo yapo. Na ukiuliza kwa nini Pemba, badala ya Unguja ambako mikarafuu ilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19, sehemu ya jibu ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliing'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa.

Haya, mafuta tumepata. Bado hatujapata eujenoli safi, na daktari wa meno anaitaka safi, maana ndiyo anayoichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kile kibandiko cha kuziba jino kwa muda, chenye harufu unayoijua ukiingia tu kliniki. Viwanda vya manukato navyo vinaitaka. Kwa miaka mingi vanilini, ile ladha ya vanila, ilitengenezwa kutokana na eujenoli. Sasa kariofilini iliyochanganyika nayo inachemka karibu na palepale inapochemka eujenoli. Ukiongeza moto, zote zinaondoka. Moto umeshindwa.

Mkemia anauliza: zinatofautiana kwa nini kingine? Eujenoli ina tabia ya tindikali, hafifu sana, lakini ipo. Kariofilini haina hata chembe. Basi anachukua kostiki soda, hiyo hiyo ya watengeneza sabuni, anaiyeyusha kwenye maji, anaitikisa pamoja na mafuta. Eujenoli inashikana na soda, inageuka chumvi, inahamia ndani ya maji. Kariofilini haina la kufanya huko majini. Inabaki pembeni, inaondolewa. Kisha anamimina tindikali kwenye yale maji. Tindikali inaivunja ile chumvi, eujenoli inarudi kuwa yenyewe, haimumunyiki tena, inajitenga na kuzama. Hakuna jiko lililowashwa. Mimi naona hilo ni jambo la werevu kuliko mtambo wowote unaong'aa: umeifanya molekuli iingie majini kwa hiari yake, ukawaacha wenzake nje, kisha ukaitoa.

Nimetaja moto kushindwa. Kuna sehemu moja ambako imani yetu juu ya moto imeua watu, nayo ni gongo. Wakenya wanaiita chang'aa, Waganda waragi, kusini kule Mtwara kuna nipa ya mabibo. Mtambo wake mnaujua: pipa juu ya moto, mrija wa shaba, beseni la maji baridi. Wataalamu wanaiita kazi hiyo kukeneka, yaani kukigeuza kimiminika kuwa mvuke na kuurudisha mvuke kuwa kimiminika. Pombe iliyochachuka ina kilevi kidogo, nyingine yote ni maji. Kilevi hicho, ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 na kitu. Maji kwenye 100. Ukisikia hivyo utadhani ukifika 78 ethanoli yote itaondoka, maji yabaki yakisubiri zamu yao. Haiendi hivyo. Ethanoli na maji huchanganyika kabisa, na mchanganyiko huchemka kama mchanganyiko: mvuke unaopanda una vyote viwili, ila una ethanoli nyingi zaidi kuliko ile iliyobaki chini. Kila ukikeneka upya unaongeza sehemu ya ethanoli. Mpikaji anayechochea moto kwa pupa anapata maji mengi. Anayepika polepole anapata kali. Hilo wapikaji wanalijua bila kusoma kitabu.

Wasilolijua wengi ni hili. Kuna kilevi kingine, methanoli, chenye kuchemka kwenye nyuzi 64.7. Hakina tofauti ya kuonekana na ethanoli. Mtu akikinywa analewa vile vile. Ndani ya mwili ini hukigeuza kuwa tindikali iitwayo fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Ndiyo maana baadhi ya walionusurika hutoka wakiwa vipofu. Kuna imani kwamba methanoli, kwa kuwa inachemka mapema, hutoka yote katika kile kikombe cha kwanza, na kwamba ukikimwaga kikombe hicho umesalimika. Kumwaga si vibaya, lakini usalama huo haupo. Methanoli nayo imeng'ang'ana na maji na ethanoli, na inaendelea kutoka kidogo kidogo mwanzo hadi mwisho wa upishi. Isitoshe, katika maafa makubwa methanoli hiyo haitoki kwenye mapapai au mabibo hata kidogo. Mtu ameinunua ikiwa kemikali ya kiwandani, ya bei nafuu, akaimimina kwenye pombe ili ikaze. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru mjini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Hakuna ustadi wa moto ungewaokoa. Na mwenzako akianza kulalamika kwamba anaona ukungu au weupe baada ya kunywa, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ipo, ila inafanya kazi ikitolewa mapema.

Hata aliye na mtambo bora kuliko wote, mwenye mnara mrefu wa kukenekea, hufika mahali akagonga ukuta. Ethanoli ikifikia uzito wa sehemu 95.6 kwa 100, mvuke wake unakuwa na mgawanyo ule ule wa kimiminika chake. Unaweza kuchemsha mara elfu, unapata kile kile. Wakemia wanaliita jambo hilo azeotropu. Ukitaka kuyatoa maji yaliyosalia, lazima uache moto na utafute tabia nyingine: chokaa inayoyanywa maji, au punje za madini zenye vitundu vinavyopitisha molekuli ndogo ya maji na kuizuia ya ethanoli iliyo kubwa kidogo. Na niongeze, kwa kuwa tulijifunza kupaka vitakasa mikono: spiriti kali zaidi haiui vijidudu vizuri zaidi. Ya sehemu 70 hushinda ile iliyo karibu na 100, kwa sababu maji kidogo yanahitajika ili ipenye ndani ya kijidudu kabla haijaukausha uso wake.

Sasa twende China, kwa sababu huko ndiko moto ulikotiwa aibu kuliko kote. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliunda mpango wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, uliopewa jina la namba 523, tarehe ya kuanzishwa kwake, 23 Mei. Mwaka 1969 kazi ya kupekua dawa za asili ilikabidhiwa timu ya mama mmoja aitwaye Tu Youyou, mjini Beijing. Walijaribu mimea chungu nzima. Mmoja, wa jamii ya pakanga, ulionyesha matumaini mara moja, kisha mara nyingine haukufanya kitu. Walikuwa wakiuchemsha, kama dawa za miti shamba zinavyochemshwa China na kwetu pia.

Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong. Maelekezo yake kwa mwenye homa yalikuwa aloweke konzi ya mmea huo kwenye maji, aukamue, anywe majimaji yake. Hakutaja kuchemsha. Tu akawaza: je, kama ni moto wetu ndio unaoiua dawa? Akaacha maji ya moto, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, chini ya joto la mwili wako. Etha huyachukua mambo ya mafuta mafuta kutoka kwenye jani, kisha huondoka yenyewe kwa joto dogo. Baada ya hapo akafanya kama tulivyofanya kwa eujenoli, ila kwa kinyume: akautikisa mkamuo huo na kostiki soda ili kuondoa sehemu yenye tindikali, ambayo ilikuwa na sumu na haitibu. Alichokitaka ni kile kilichobaki. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilivimaliza vimelea vyote vya malaria katika panya. Wakati huo viwanda vingi vilikuwa vimesimama kwa msukosuko wa Mapinduzi ya Utamaduni, timu yake ikaloweka mmea kwenye mapipa ya nyumbani katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, na watu wakaugua kwa sababu ya mvuke wa etha. Mwaka 1972 Tu na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza kuona kama ni salama. Mwaka huo huo wakapata fuwele safi za artemisinini. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2015, akiwa na miaka 84.

Siri ya molekuli hiyo ni atomi mbili za oksijeni zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Muungano huo ndio unaoangamiza vimelea. Dawa mseto unayopewa zahanati leo imetokana nayo. Nasema hivyo nikijua wapo watakaosema basi tuchume pakanga ya uani tuchemshe. Pakanga yetu ya asili ni ndugu wa ule mmea wa China, si wenyewe. Artemisinini kwake ni kidogo mno au haipo. Na hata wa China wenyewe, kikombe cha chai yake hakina kipimo: leo jani lina nyingi, kesho kidogo, na vimelea vinavyopigwa nusu nusu hujifunza kustahimili. Shirika la Afya Duniani halikubali malaria itibiwe kwa majani ya mmea huo, kwa sababu hizo hizo.

Nimetaja fuwele, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Unachukua kitu chako kichafu, unakiyeyusha katika kiyeyushi cha moto, kiasi kinachotosha tu kukimeza. Unachuja takataka zisizoyeyuka. Kisha unaacha. Hutikisi, hutii barafu, huharakishi. Joto likishuka polepole, molekuli zinaanza kujipanga safu kwa safu, na kwenye safu hiyo mgeni hana nafasi: umbo lake halikai, anasukumwa abaki kwenye majimaji. Ukipoza kwa haraka, safu zinafunga na wageni ndani. Sukari nyeupe ya dukani nayo imesafishwa kwa kufanywa fuwele, na ni zaidi ya sehemu 99 kwa 100 molekuli ya aina moja. Ni vitu vichache jikoni kwako vyenye usafi wa kemia kama huo. Sukari guru haikupitia safu hizo, ndiyo maana ina rangi na ina ladha ya muwa. Nani aliyesema safi ni tamu zaidi?

Utajuaje kama fuwele zako zimekuwa safi? Kwa kuziyeyusha bila kiyeyushi, kidogo kidogo, huku ukitazama kipimajoto. Kitu safi huyeyuka ghafla, kwenye nyuzi moja au mbili. Artemisinini ni 156 hadi 157. Kilicho na uchafu huanza kulainika mapema na kuburuta. Na wazee wa maabara walikuwa na hila moja tamu. Una unga usioujua, unayeyuka kwenye 135 kama aspirini. Ni aspirini kweli, au ni kingine chenye bahati ya kulingana nayo? Changanya na aspirini unayoiamini, usage, upime tena. Ikibaki 135, ni yenyewe. Ikishuka, ni tapeli, maana kila kimoja kimekuwa uchafu wa mwenzake.

Ipo njia moja zaidi, na hii unaweza kuionyesha kwa watoto nyumbani. Mrusi Mikhail Tswett, akifanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20, alijaza unga wa chokaa ndani ya bomba la kioo, akamimina juu yake rangi alizozitoa kwenye majani, kisha akaendelea kumimina kiyeyushi. Rangi ya kijani haikushuka kama kitu kimoja. Iligawanyika mikanda, kijani cha namna mbili, manjano ya namna kadhaa, kila moja ikishuka kwa mwendo wake kulingana na inavyong'ang'ania chokaa. Mwaka 1906 akaipa njia hiyo jina, kromatografia. Wakubwa wa kemia waliidharau hadi 1931, wataalamu wa Heidelberg walipoifufua. Wewe chukua chaki ya shule na kalamu ya wino wa maji, nyeusi. Chora mstari kuizunguka chaki, karibu na chini, uisimamishe kwenye kisahani chenye maji machache yasiyoufikia mstari. Maji yatapanda, wino utapanda, na weusi ule utafunguka uwe buluu, zambarau, pengine na wekundu. Inanikera kwamba kijana wa kidato cha kwanza anakariri njia za kutenganisha michanganyiko, anaziandika kwenye mtihani kwa mpangilio, anapata alama, na hajawahi kuonyeshwa hata hicho kipande cha chaki, kitu kilichojaa ubaoni mbele yake.

Mashine zilizomo kwenye maabara kubwa, kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nyingi ni watoto wa bomba lile la Tswett. Unadunga tone la mafuta, linageuka mvuke, linasukumwa na gesi kwenye bomba jembamba refu, na kila molekuli inatoka kwa wakati wake. Karatasini vinachorwa vilima. Kilima kirefu, eujenoli. Kifupi, kariofilini. Kilima kisichotarajiwa, mtu ametia kitu.

Na watu hutia. Mafuta ya karafuu yanayouzwa kwa vichupa sokoni yana bei, na chenye bei huchakachuliwa. Mashine huna, lakini una bilauri ya maji. Dondosha tone. Likizama, dalili njema. Likielea, huenda umeuziwa mafuta ya kupikia au ya taa yaliyonusishwa karafuu. Mjanja anaweza kuchanganya kwa kiasi ambacho tone bado linazama, hapo mwalimu wa kemia wa jirani atakusaidia kwa kostiki soda yake, naye avae miwani, kwani kitu kile kinapofua. Aitikise na mafuta yako ndani ya kichupa chembamba, bila kupasha moto, aache itulie. Eujenoli itahamia majini, na kitakachobaki juu ndicho kisicho eujenoli. Mafuta halisi yataacha utando mdogo, chini ya theluthi. Ikiwa nusu ya ulichonunua imekaa juu, mrudishie mwenye duka, na ukionyeshe hicho kichupa kwa wateja wake. Vyovyote iwavyo, kiweke mbali na watoto: mafuta hayo yakiwa makali bila kuzimuliwa huunguza mdomo, na kijiko kimoja au viwili vya chai vimewahi kumfikisha mtoto mdogo mahututi.